Glasi Ni Yako, Mdogo Wangu

Leo Kona ya Dada ina barua ya mdogo wetu mmoja, mzaliwa wa Kamsamba, kule bondeni Momba, ambaye sasa ameajiriwa kwa wakala wa forodha pale Tunduma. Ofisi yao inakwenda semina Dodoma, na siku ya mwisho watapelekwa kwenye shamba la mizabibu, kisha kiwandani kuonja mvinyo. Sehemu ya barua yake inasema hivi:

“Dada, sijawahi kushika glasi ya mvinyo maishani. Nyumbani kwetu ni watu wa kanisa, pombe haivuki mlango. Wenzangu ofisini wanaongea habari za mvinyo kama waliozaliwa nao, na bosi ameshatangaza kwamba safari hii hakuna mtu wa kunywa soda. Naogopa kuonekana mshamba. Naogopa pia kufanya kitu nitakachokijutia. Nisiende?”

Nenda, mdogo wangu. Nenda, tena uende kifua mbele. Ila kuna mambo nataka uyabebe kichwani kabla hujapanda basi.

Kwanza tuliondoe hilo neno mshamba. Wewe ni mtoto wa Kamsamba, na Kamsamba watu wanaonja mazao kila msimu. Umewaona wanunuzi wa mpunga wanavyofanya. Mtu anafungua gunia, anachota konzi, anaupikicha mpunga kwa viganja hadi maganda yaachie, anapuliza, halafu anatazama punje kama ni nzima au zimekatika. Anaitia punje moja kati ya meno ya mbele: ikilia, mpunga umekauka, ikibonyea, bado una unyevu. Mwisho anasogeza kiganja puani, kisha ndipo anataja bei. Mama zetu hufanya hayo yote huku wanaongea na jirani, na pua peke yake huwaambia kama mchele ni wa mwaka huu au umelala ghalani. Huko Dodoma utatumia macho yale yale, pua ile ile na ulimi ule ule. Kilichobadilika ni zao tu. Huendi kujifunza kitu kutoka sifuri.

Sasa nikueleze unakokwenda, maana anayejua kidogo habari za mahali hababaiki.

Mzabibu si mmea wa asili wa Ugogo, huko Dodoma. Uliletwa na wamisionari Wakatoliki, na Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ndipo panapotajwa kuwa chimbuko lake katika miaka ya 1950. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni haba, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Ukavu huo unaomtesa mkulima wa mahindi unaufaa mzabibu, kwa sababu unyevu mwingi huleta ukungu kwenye majani na vichala. Ulaya mzabibu hulala majira ya baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima mwenyewe ndiye anayeuamulia. Anaupogoa, unachipua, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Ndiyo maana kuna misimu miwili ya mavuno: mmoja kati ya Februari na Machi, mwingine kati ya Agosti na Septemba. Uliza mapema safari yenu inaangukia wapi, maana shamba lililotoka kupogolewa lina vijiti vitupu juu ya waya, na shamba la mavuno lina watu, makreti na nyuki.

Utasikia jina Makutupora. Hapo ni mahali, kaskazini mwa mji, penye kituo cha utafiti wa kilimo, na ndilo jina la zabibu nyekundu inayolimwa sana huko. Kwa mvinyo mweupe utasikia Chenin Blanc, mbegu yenye asili ya Ufaransa. Ukishika majina hayo mawili yanakutosha kuanza mazungumzo na mwenyeji wenu.

Lakini mimi dada yako nataka uulize jambo kubwa zaidi ya majina. Uliza mkulima analipwaje. Mpunga wa kwetu, bei ikiwa mbaya, unaweza kuuweka ghalani ukasubiri. Zabibu ikishakatwa haisubiri. Siku chache tu kwenye joto la Dodoma inaanza kuharibika, na mnunuzi analijua hilo. Ndiyo maana baadhi ya wakulima huzikamua na kuuza kile wanachokiita mchuzi wa zabibu, ambao hukaa kwenye matangi hadi kiwanda kiununue. Kilio cha soko kimekuwa cha muda mrefu huko. Kilikuwepo kiwanda cha umma, DOWICO, ambacho kilikuja kufa, na wakulima wengi wakabaki na mizabibu isiyo na mnunuzi. Serikali nayo imejaribu kuwabeba kwa njia ya kodi: mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 hutozwa ushuru wa bidhaa mdogo sana kuliko mwingine. Wewe unayeshinda na nyaraka za forodha pale Tunduma, swali hilo likitoka kinywani mwako, bosi wako mwenyewe atageuka kukusikiliza.

Haya, sasa umeingia chumba cha kuonjea. Meza imepangwa glasi, pembeni kuna maji, pengine vipande vya mkate au jibini. Fanya hivi.

Shika glasi kwenye mguu wake, usiikumbatie kwa kiganja, kwa sababu joto la mkono hubadilisha ladha. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe utazame rangi, hasa pale ukingoni. Mvinyo mwekundu ukiwa mchanga ukingo wake huelekea zambarau, ukikaa miaka huelekea rangi ya matofali. Izungushe taratibu ili harufu ipande, kisha ingiza pua kabisa. Usihangaike kutafuta maneno ya kitabuni. Sema harufu unayoijua wewe: zambarau za porini, ukwaju, majani yaliyokatwa, moshi, asali. Hakuna anayeweza kukuambia pua yako imekosea.

Kisha chukua funda dogo, liache litembee mdomoni kote. Utamu utaudaka mara moja. Uchachu utaujua kwa mate yanayojaa pembeni mwa ulimi. Na kuna ukakasi, ule wa ndizi mbichi, unaokausha fizi, ambao hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu nyekundu. Baada ya hapo, mdogo wangu, tema.

Ndiyo, tema. Mezani kuna chombo cha kutemea, na kama hakipo, omba. Wataalamu wa kazi hii duniani kote hutema, kwa sababu anayemeza kila funda haonji tena baada ya glasi ya nne. Hiyo ni adabu ya mahali pale, na hakuna mwenyeji anayejua kazi yake atakayekushangaa. Ukimwona mwenzako anakucheka kwa kutema, ujue ni yeye ambaye hajawahi kufika.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Glasi ya kuonja ina mililita 50 hivi. Glasi sita ni mililita 300, karibu nusu ya chupa ya mililita 750. Mvinyo wa kawaida una kilevi cha asilimia 12 au zaidi, wakati bia iko kwenye asilimia 5. Kwa hiyo ukimeza glasi zote sita, umekunywa kilevi kinacholingana na bia moja na nusu za nusu lita, ndani ya saa moja, pengine huna kitu tumboni. Na mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamume, hivyo kiasi kile kile hutupanda sisi zaidi. Bondeni kwetu watu wamezoea kimpumu kinachonywewa kwa mrija jioni nzima. Mvinyo haupimwi kwa mazoea hayo. Kula vizuri kabla, kunywa maji kila baada ya glasi, na uhakikishe dereva wenu hajaonja chochote. Akionja, shuka.

Tuje kwa bosi wako na tangazo lake la kukataza soda. Nalisema hili kwa moyo wote, na wadogo zangu wengine mnaosoma mlisikie: hakuna mwajiri mwenye mamlaka juu ya kinachoingia mdomoni mwako. Glasi ni yako. Unaweza kuonja na kutema. Unaweza kunusa tu. Unaweza kuomba juisi ya zabibu, au zabibu zenyewe, na ukashinda siku nzima na furaha yako. Kama imani yako hairuhusu, sema hairuhusu, basi. Hudaiwi hotuba. Mwambie, “Nashukuru mkubwa, mimi nimekuja kuona shamba na kiwanda, kinywaji changu ni maji.” Sema ukitabasamu, umtazame, halafu mgeukie mwenyeji umuulize swali. Aliyeng'ang'ania atajikuta peke yake.

Akizidi, yaani akianza kukujazia glasi kila ukiangalia pembeni, au kuunganisha glasi na mkataba wako wa kazi, au na chumba cha hoteli, hapo si utani tena. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na simu ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Kabla ya hapo jilinde kwa mambo madogo. Muwe wawili mnaoangaliana. Glasi ukiiacha mezani ukaenda msalani, ukirudi usiinywe, omba nyingine. Weka nauli yako mwenyewe mfukoni, kiasi cha kukutoa pale hadi unakolala bila kumtegemea mtu. Msichana mwenye nauli yake huondoka anapotaka.

Kuna wadogo zangu ambao jibu langu kwao ni moja tu, wasimeze kabisa. Mwenye mimba, au anayehisi anayo: kilevi humfikia mtoto moja kwa moja, na hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama. Aliye kwenye dawa, hasa za kifua kikuu au zile za metronidazo zinazotolewa sana hospitalini: subiri umalize. Aliye chini ya miaka 18: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kuuziwa pombe. Na kwa sisi wengine wote, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kilevi kisicho na madhara kwa afya. Nakuambia ili uchague ukijua.

Umeniuliza pia kwa nini watu wanapenda kuonjea mvinyo kwenye majengo ya zamani, maana umeona picha za namna hiyo kwenye simu. Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: kuta nene za kale hutunza ubaridi, na mvinyo huharibiwa na joto linalopanda na kushuka. Sababu ya pili ni kwamba jengo la kale lina habari ndani yake. Na hapo nataka uwe makini, kwa sababu habari hiyo huwa haisimuliwi yote.

Nikupe mfano wa nyumba ya mvinyo iliyo maarufu sana barani kwetu, kule mwisho wa barabara ambayo malori ya Tunduma hushika kuelekea kusini. Karibu na Cape Town lipo shamba la Groot Constantia. Ardhi yake alipewa gavana Simon van der Stel mwaka 1685. Jengo la kuhifadhia mvinyo lina mwaka 1791 juu ya mlango wake, pamoja na sanamu zilizochongwa na Anton Anreith. Nyumba kubwa iliungua Desemba 1925, ikajengwa upya kama ilivyokuwa. Mvinyo wake ulisafiri hadi kisiwa cha St Helena, ukanywewa na Napoleon akiwa kifungoni. Mgeni akifika husimuliwa hayo, na ni kweli. Lakini walioipanda ile mizabibu, wakakanyaga zile zabibu na kuzibeba, walikuwa watumwa, waliotolewa Madagaska, pwani ya Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulifutwa huko mwaka 1834, na watu wakaachiwa kweli mwaka 1838. Hata baada ya hapo, katika mashamba mengi ya eneo hilo, wafanyakazi waliendelea kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kizazi baada ya kizazi. Madhara yake kwa akina mama na watoto waliozaliwa na athari za kilevi yanaonekana hadi leo. Siku hizi habari za watumwa zimewekwa kwenye makumbusho ya shamba lile, na nafurahi kwamba zimewekwa, kwa sababu nyumba iliyokarabatiwa vizuri halafu ikaficha walioijenga bado ni gofu.

Huhitaji kwenda Cape Town kujifunza kuliangalia jengo hivyo. Kutoka Tunduma mtapita Mbeya, Makambako, halafu Iringa, kisha mtashuka kwa Mtera hadi Dodoma. Mwombe kiongozi wa msafara msimame Iringa saa moja. Pale mjini lipo Boma la enzi za Wajerumani, lililokuwa ofisi za serikali kwa miaka mingi. Lilikarabatiwa, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa. Ingia. Gusa ukuta uone unene wake, tazama madirisha yalivyokaa. Halafu kumbuka kwamba walioamuru lijengwe ndio waliobomoa ngome ya Chifu Mkwawa pale Kalenga mwaka 1894, umbali mfupi kutoka hapo. Leo ndani ya Boma lile wanasimulia wenyeji habari zao wenyewe. Huo ndio ukarabati ninaoupenda mimi. Popote utakapoonjeshwa kitu ndani ya jengo la kale, Dodoma, Bagamoyo, Unguja au ng'ambo, uliza maswali matatu: nani alilijenga, nani alilifanyia kazi, na leo nani anafaidika nalo. Mwenyeji mwema atafurahi ukiuliza.

Kuhusu fedha. Ulizia ada ya kuonja kabla ya kukaa, na kama ofisi imelipa, hakikisha imelipa. Hulazimiki kununua. Ukipenda kununua, nunua chupa moja, ile uliyoifurahia wewe, hata kama wenzako wanaibeza kwa kuwa ni tamu. Watu wengi huanza na mvinyo mtamu na hakuna aibu. Ukiwa safarini ifunge kwa kitenge, uiweke katikati ya nguo, begi uwe nalo miguuni. Usiliweke kwenye buti la basi, linachemka. Na kama chupa hiyo inafika Kamsamba, kumbuka joto la bonde letu: juu ya kabati, chini ya bati, mvinyo utaharibika kabla hujapata mgeni wa kumkaribisha. Uweke chini sakafuni, kwenye chumba chenye giza. Ukishaufungua, umalizwe ndani ya siku tatu nne.

Na umemalizia barua kwa kuuliza kama mama aambiwe. Aambiwe, tena kabla hujaondoka. Mpigie umweleze: tunakwenda Dodoma, tutatembezwa shambani na kiwandani, watu wataonja mvinyo, mimi nimeamua kufanya hivi. Mwambie ulichoamua, kiwe kutema, kiwe kutogusa kabisa. Mama zetu wanaumizwa zaidi na habari wanazozisikia kwa jirani kuliko na jambo lenyewe. Akikukatalia, msikilize hadi mwisho, kisha umweleze tena kwa heshima kwamba kwenda kuona si kunywa. Ukirudi mpelekee zabibu kavu za Dodoma, wala chupa usiipeleke kwenye nyumba isiyoitaka. Hiyo nayo ni heshima.

Mdogo wangu, utakaa meza moja na watu wanaojifanya wanajua. Wewe kaa na unachokijua, uliza usichokijua, na usimeze kitu kwa sababu ya macho ya mtu. Safari njema. Ukirudi tuandikie, hasa yale majibu ya wakulima, maana bondeni kwetu wapo wengi wanaotaka kujua wenzao wa Dodoma wanalipwaje.

Dada yenu.